Vyjayanthimala au Padmini?

Leo tena nimeangalia ule mpambano wa ngoma wa wachezaji wawili, Vyjayanthimala na Padmini, katika wimbo wa "Kannum Kannum Kalandhu", na tena nimeshindwa kulala mapema. Filamu ni Vanjikottai Valiban, ya Kitamil, ya mwaka 1958, kazi ya S. S. Vasan na studio yake ya Gemini pale Madras, kusini mwa India, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Picha ni nyeusi na nyeupe. Kisa chenyewe kina wafalme, mashua na kulipiza kisasi, na nitakuwa muongo nikisema nakifuatilia sana. Mimi nasubiri ngoma.

Mama aliponikuta naangalia, alimtambua mmoja hapohapo. "Huyo si yule wa Sangam?" Ndiye. Sisi wa pwani tulimjua Vyjayanthimala kupitia sinema za Kihindi, akiwa na Raj Kapoor, tukasahau kwamba ni binti wa Madras aliyefunzwa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, kabla hajajulikana Bombay. Yule wa pili, Padmini kutoka Travancore, Mama hakumjua kabisa. Kwa hiyo kura yake alishaipiga kabla njuga hazijalia.

Wanawake wawili, mwanamume mmoja, na kila mmoja anataka kumuonyesha mwenzake nani ni nani. Wimbo unaanza kwa upole, mahaba tu. Halafu Vyjayanthimala, ambaye humo ni binti mfalme, anaingia, na mambo yanageuka mipasho: huyu anatupa kijembe, yule anakidaka na kukirudisha kwa miguu. Sauti si zao, wanaoimba ni P. Leela na Jikki, kwa muziki wa C. Ramchandra. Lakini miguu ni yao. Magoti yamekunjwa kuelekea nje, mgongo umenyooka, nyayo zinapiga sakafu bapa, na mridangam, ile ngoma ya kupigwa kwa mikono, inazidi kuwakimbiza. Mara nyingi kamera inakaa mbali kiasi cha kuuona mwili mzima, kuanzia kichwa hadi njuga. Wangekuwa hawajui, tungewaona. Ngoma nyingi za sinema za siku hizi zimekatwakatwa hata huwezi kujua mguu ni wa nani.

Katikati ya vurugu hiyo, adui wa filamu, P. S. Veerappa, anapaza sauti kwa furaha: "Sabaash! Sariyaana potti!" Yaani shabashi, haya ndiyo mashindano! Watamil bado wanaisema mpaka leo wakiona watu wawili wamekabana koo, iwe kriketi au uchaguzi. Nacheka kila nikifikiria: wachezaji wametoka jasho lote lile, na aliyekaa tu kutazama ndiye maneno yake yameingia midomoni mwa watu.

Mama anashikilia kwamba Vyjayanthimala kashinda. Ni kweli ana makali, akigeuka ni kama upanga, na macho yake yana dharau ya kifalme hasa. Ila mimi jicho langu linakwenda kwa Padmini. Anacheza kama mtu ambaye hana haja ya kukuthibitishia kitu, uso umetulia huku miguu ikifanya kazi ya watu watatu. Vasan mwenyewe hakumtangaza mshindi, na nadhani alijua anachofanya. Angemtaja mmoja, ubishi wa mimi na Mama usingekuwepo.

Baadaye nimesoma kidogo kuwahusu. Padmini aliolewa na daktari, akahamia Marekani, na mwaka 1977 akafungua shule ya ngoma New Jersey. Alifariki 2006. Vyjayanthimala aliacha filamu baada ya kuolewa, ngoma hakuiacha. Mwaka 2024, umri wa miaka tisini, alicheza mjini Ayodhya, India, mbele ya watu, na mwaka huohuo akatunukiwa Padma Vibhushan, nishani kubwa ya heshima ya India.

Nimemsomea Mama habari hizo. Akasema, "Si nilikwambia kashinda?"