Chai ya kila siku na chai ya majani marefu: zipime kikombeni

Bei ya pakiti haisemi chai ipi ni bora mpaka ujue utaipikaje. Chai nyingi ya Kericho, Nandi au Mufindi hupita kwenye mashine za CTC: roli zenye meno hulikata jani na kulichana, likatoka punje ndogo ngumu. Punje hizo hutoa rangi na ukali upesi, hivyo hazizidiwi na maziwa wala sukari. Chai ya othodoksi husokotwa taratibu, jani likabaki refu. Ina harufu nyingi na ukali mdogo. Hii inywe ya rangi. Kuichemsha na maziwa ni kupoteza pesa, maana harufu uliyoilipia yote hufunikwa.

Kwenye madaraja ya chai ya CTC, BP1 ina punje kubwa, PF1 ndogo kuliko hiyo, PD na D1 ndogo zaidi. Herufi hizo hutaja ukubwa wa punje, si ladha. PF1 iliyotokana na majani mawili na chipukizi huishinda kwa mbali BP1 ya majani yaliyokomaa. Mimina kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe: ukiona nyuzi na vijiti vingi vya kahawia, chumo lilikuwa bovu.

Kisha pima. Kipimo cha ISO 3103, kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, chombo kimefunikwa. Chuja, usitie sukari. Majani yaliyobaki yawe na rangi ya shaba. Ya kijani hayakupewa muda wa kutosha kubadilika baada ya kukatwa; yaliyofifia na kuwa meusi yalikaa mno. Harufu ya moshi hutoka kwenye kikaushio kinachovuja.

Kwa CTC, ongeza maziwa kidogo: nzuri hung'aa kama dhahabu, hafifu huwa ya kijivu. Kikombe kingine kiache kipoe. Kikifanya ukungu usikimwage; kafeini imeshikana na theaflavini, kemikali inayoipa chai rangi na ukali, na hiyo ni dalili ya chai yenye nguvu.

Nyumbani, othodoksi inatosha dakika 3 hadi 4. Chai ya maziwa ianze na maji na majani, yachemke dakika 2 au 3, ndipo maziwa yaingie, kwa sababu majani hayatoi vizuri ndani ya maziwa. Na pakiti isikae karibu na iliki wala karafuu: majani makavu hunyonya harufu, na othodoksi ndiyo huharibika kwanza.