Weupe wa Mtutu

Tangu Jumanne ninajibu swali ambalo aliyeniuliza hakulirudia. Yule mzee wa Monduli, aliyeniletea bunduki ya marehemu baba yake ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi la kijivu, alikuja kuichukua. Aliigeuza mara mbili karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya mtutu, kisha akauliza kwa upole, "Fundi, ule weupe uko wapi?"

"Weupe gani, mzee wangu?"

"Ule wa mkono wa baba."

Nikaanza kumweleza habari za kutu, tena kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio unaoniudhi mpaka leo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akatia saini kitabuni kando ya namba ya leseni yake, akalipa salio lote na kuondoka. Angenigombeza ningelala.

Bunduki yenyewe ni Mauser, ya Kijerumani, ya muundo wa 1898, wenye ile kucha kubwa ya bolti, kile chuma cha kusukuma na kuvuta risasi, inayoidaka risasi mara tu inapopanda kutoka kwenye magazini na kutoiachia mpaka ganda litupwe nje. Inatumia risasi ya 9.3 × 62, yaani upana na urefu wa ganda kwa milimita, ambayo Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliibuni mwaka 1905 akiwafikiria walowezi na wawindaji wa Afrika: kichwa kizito cha gramu 18.5, lakini ganda linaloingia katika Mauser ya kawaida, hivyo mtu hakulazimika kununua bunduki ya kitajiri ili asimame mbele ya nyati. Baba wa mzee huyu alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji katika miaka ya hamsini, akaja kuimiliki hii kwa leseni yake mwenyewe baada ya uhuru. Aliendelea kuibeba kama alivyozoea kuwabebea wengine, mtutu mbele mkononi na kitako nyuma ya bega, na kwa miaka yote hiyo kiganja chake kilikula rangi ya chuma mpaka kikaacha sehemu nyeupe, yenye kung'aa kama kijiko cha zamani.

Nilijua kuwa ni alama ya mkono. Kila fundi anajua. Nilichofanya ni kuiondoa kwa msasa, kwa muda usiozidi dakika kumi, kisha nikaupaka mtutu dawa ya kuleta kutu, nikauacha usiku kucha na kuuchemsha asubuhi katika maji safi hadi wekundu ukageuka weusi, nikausugua kwa nyuzi za chuma na kuanza upya. Siku sita, mara sita. Ulitoka na rangi ya usiku usio na mwezi, nami nikajisifu peke yangu karakanani, wakati ambapo jambo la kwanza lilipaswa kuwa kumuuliza mwenye mali anataka nini kibaki.

Linalonichoma zaidi ni kwamba ndani ya mtutu ile michirizi inayoizungusha risasi ilikuwa bado ina makali. Fataki za zamani, zile zinazowasha baruti ndani ya risasi, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Dawa yake ni maji ya moto. Marehemu, kwa maelezo ya mwanawe, alimimina birika zima mtutuni kila aliporudi porini, kabla hata ya kunywa chai. Yeye alitunza ndani, mimi nikaja kufuta nje.

Mama Faraja, ambaye amekisikia kisa hiki mara nne katika wiki hiihii ambayo tumehamisha karakana na Faraja amepata nafasi ya bweni, aliniambia jana huku akichambua mchele, "Si aishike na yeye." Nilikasirika, kisha nikacheka, kwa sababu mzee amekwisha kupita sabini na bunduki hutoka kabatini pale tu nguruwe pori wanapoingia shambani.

Ndipo nikakumbuka kitako. Ile mbao ya mjozi sikuipiga msasa. Niliweka kitambaa kibichi juu ya mabonyeo na kupitisha pasi ya moto, mvuke ukayainua karibu yote. Moja tu, karibu na mwisho wa kitako, lilikataa kabisa, maana pale nyuzi za mbao zilikuwa zimekatika, na mvuke huinua nyuzi zilizolala tu. Nilikuwa nimelihesabu kuwa aibu yangu ndogo. Sasa naona wazi kwamba mzee, kabla hajaifunika bunduki kwa blanketi, aliweka vidole viwili palepale, akavituliza kidogo, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Limebaki kwa sababu lilinishinda, wala si kwa hekima yangu, lakini limebaki, na leo asubuhi nimefanya kazi nikipiga mluzi.

Tatizo sasa ni godoro. Shule imeandika futi mbili na nusu, mimi nimenunua la futi tatu, risiti siioni, na Faraja anaondoka Jumatatu.