Barua za Warusi waliotengana: anza na tarehe

Kazi ya leo inaanza na tarehe. Mapenzi na machozi yatasubiri. Barua za familia za Kirusi zilizotenganishwa na mapinduzi ya 1917, hawa wako Leningrad (leo St. Petersburg), wale wako Belgrade, Paris au Harbin huko China, humpoteza msomaji kwenye mstari wa kwanza kabisa. Urusi ya Kisovieti iliacha kalenda ya zamani mwaka 1918: baada ya Januari 31 ikaja Februari 14. Wakimbizi wengi waliendelea na ile ya zamani, iliyo nyuma kwa siku 13.

Tuseme mama kaandika kutoka Belgrade tarehe 1 Februari 1926, na barua ya bintiye wa Leningrad ni ya tarehe 10. Ukizipanga hivyo, binti anaonekana kumjibu mama, tena anajibu asichoulizwa. Kumbe tarehe 1 ya mama ni tarehe 14 kwa binti, na binti ndiye aliyetangulia kuandika. Usikisie: tazama muhuri wa posta. (Wanaotupa bahasha ili kupunguza mzigo hawajui wanachotupa.) Ukikuta 1/14 (ya zamani/mpya), mwandishi keshakupigia hesabu, usiongeze 13 tena.

Tahajia haitoshi kukisia mwaka. Mageuzi ya 1918 yalifuta herufi ѣ, pamoja na herufi ъ ya mwisho wa neno, lakini ughaibuni wengi walizishikilia kwa miongo kadhaa. Majina nayo yana mitego. Kwenye bahasha jina hubadilika mwisho kwa sababu ni la anayeandikiwa: "Ivanovoi" ni Bi. Ivanova, "Ivanovu" ni Bwana Ivanov. Sasha aweza kuwa Aleksandr au Aleksandra. Angalia kitenzi cha wakati uliopita. Akisema "pisal" (niliandika) ni mwanamume, "pisala" ni mwanamke.

Halafu kuna barua zinazofupika, zikabaki afya, hali ya hewa na watoto, kisha zikakoma. Fomu za kazi za Kisovieti ziliuliza kama una ndugu nje ya nchi, na kufikia 1937 bahasha kutoka Paris ilitosha kumtia mtu mashakani. Mtu akitajwa kuwa "yuko hospitali" mwaka mzima bila ugonjwa kutajwa, fikiria na jela. Baada ya Stalin kufa mwaka 1953, baadhi ya familia zilianza kuandikiana tena. Kwa hiyo kwenye orodha yako ya barua andika "hakuna barua 1937–1956", usiandike "waligombana".