Injili Imesema Nini Leo?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wapendwa.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, nilimpelekea Komunyo mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye miguu haimbebi tena. Meza ilikuwa imekwisha kutandikwa kitambaa cheupe, mshumaa ukiwaka kando ya msalaba, na kabla sijaanza sala aliniuliza, "Mwanangu, Injili imesema nini leo?" Nilibabaika. Masomo yalipokuwa yakisomwa, mimi nilikuwa nje nikizungumza na wanakamati habari za michango ya paa, nikaingia kanisani watu wakiwa kwenye Nasadiki. Nilimjibu maneno ya jumla kuhusu upendo wa Mungu. Akanitazama kwa upole, akanyamaza.

Swali hilo limenifuata wiki nzima. Mtakatifu Yustino, alipomweleza Kaisari Antonino Pio ibada ya Wakristo kwenye mwaka 155 hivi, aliandika kwamba siku ya Jumapili husomwa kumbukumbu za Mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kisha msimamizi huwaonya watu wayafuate, wote husimama kuomba, ndipo huletwa mkate, divai na maji. Baada ya shukrani na "Amina" ya watu wote, mashemasi huwapelekea wasiokuwapo. Basi aliyepeleka Ekaristi nyumbani alikuwa ametoka kulisikiliza Neno. Mimi nilitoka kwenye mazungumzo ya mabati.

Katika karne ya 3, Origene, mwalimu wa Maandiko, aliwahubiria waamini kwamba wanapopokea Mwili wa Bwana hujihadhari sana isidondoke hata chembe, na wangejihesabu wakosefu kama ingedondoka kwa uzembe wao. Akawauliza, imekuwaje basi wadhani kulipuuza Neno la Mungu ni kosa dogo zaidi? Nilipolisoma hilo nilikumbuka jinsi ninavyopiga goti kwa uangalifu mbele ya tabernakulo inamohifadhiwa Ekaristi, na jinsi ninavyopekua simu wakati wa somo la pili.

Niruhusuni niseme wazi, kwa kuwa nimeanza kwa kujikemea mwenyewe. Tumejizoesha kuamini kwamba Misa haijatupita ilimradi tumewahi matoleo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba liturujia ya Neno na liturujia ya Ekaristi zimeungana kiasi cha kuwa tendo moja la ibada. Anayeingia katikati amekosa sehemu ya tendo lenyewe. Nasi wasomaji (nami nimo) tunaolifungua somo kwa mara ya kwanza tukiwa mimbarini, tukajikwaa kwenye majina ya manabii, tunawanyima ndugu zetu chakula kilichokwisha kuandaliwa.

Bwana mwenyewe hakuanza na mkate kule Emau. Alitembea na wanafunzi wawili, akawaeleza Maandiko kuanzia Musa, na mioyo yao ikawaka ndani yao njiani, kabla macho yao hayajafumbuliwa mezani. Ni wao waliomsihi, "Kaa pamoja nasi."

Leo Jumamosi nimeisoma Injili ya kesho mara mbili kwa sauti, nikaitia alama kwenye Misale. Yule mama hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, kwa hiyo kesho nitaketi upande wake wa kulia.