Kutoka Chumba cha Giza Hadi Kompyuta: Miaka Yangu ya Kurekebisha Sura za Watu

Niliingia kwenye kazi ya picha mwaka 1988, Kariakoo, Dar es Salaam, katika studio ndogo ambayo chumba chake cha giza kilikuwa nyuma ya mapazia mawili meusi. Nilikuwa na miaka 19. Fundi aliyenipokea hakunipa kamera. Alinipa ndoo, akanituma Feri kwa wauza samaki nikanunue barafu.

Sababu niliielewa baadaye. Dawa ya kusafishia filamu inataka nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Dar mwezi wa Januari hayashuki mpaka huko hata uyaombe. Ukitumia maji ya moto filamu inaiva upesi kupita kiasi, na utando wake unalainika hadi kucha ikiupitia tu umechubuka. Basi barafu ilikaa kwenye beseni, chupa ya dawa katikati, nami nimeshika kipimajoto. Mwaka mzima kazi yangu ilikuwa hiyo, na kusuuza karatasi.

Penseli nilipewa mwaka wa tatu. Picha za studio tulipiga kwa filamu pana, ile ya 120, kila negativu, yaani kipande cha filamu iliyokwisha kusafishwa, sentimita 6 kwa 6, kwa hiyo uso ulikuwa na nafasi ya kufanyiwa kazi. Unapaka vanishi nyembamba ili penseli ishike, unaiweka negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, halafu unashika penseli ngumu iliyochongwa kwa msasa hadi ncha ikawa kama sindano. Kwenye negativu mambo yako kinyume: kunyanzi lililo jeusi usoni, pale linaonekana kama mstari mweupe. Ukilijaza risasi ya penseli, mwanga unapita kidogo, na kwenye karatasi kunyanzi linafifia. Nilipoanza nilikuwa najaza yote. Fundi akaitazama picha ya mama mmoja wa makamo niliyemgeuza msichana, akaniambia, "Kijana, usimfute mtu. Mpumzishe tu." Neno hilo nimefanya nalo kazi mpaka leo.

Picha ikishatoka kwenye karatasi ilikuwa na vidoa vyeupe vya vumbi. Hivyo tuliziba kwa brashi yenye nywele chache sana na wino uliozimuliwa kwenye kisosi cheupe. Unagusa, huchori. Nukta, nukta, nukta, na kila mara unaanza na wino mwepesi kuliko unavyodhani unahitaji, kwa maana wino ukishazama kwenye karatasi hautoki.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa harusi. Bibi harusi ana gauni jeupe, bwana harusi ana suti nyeusi, na wote wawili ni weusi wa ngozi. Ukipima mwanga kwa ajili ya gauni, nyuso zinazama gizani na yanabaki meno. Ukipima kwa ajili ya nyuso, gauni linakuwa karatasi tupu bila hata lesi. Dawa ya hilo ilikuwa mikono. Nilikata kiduara cha kadibodi nikakifunga kwenye spoki ya baiskeli, na chini ya mashine ya kukuzia picha nikawa nakitikisa juu ya sura ya bwana harusi ili mwanga usiichome haraka ikawa nyeusi. Kisha nakunja viganja kuacha tundu dogo, nalichoma gauni peke yake sekunde za ziada. Mkono hautulii hata mara moja, maana ukitulia alama ya duara inabaki. Kabla ya hapo unakata kipande chembamba cha karatasi, unakijaribia sekunde 5, 10, 15, 20, ndipo unaamua. Karatasi ilikuwa ghali, hakuna aliyebahatisha.

Miaka ya 1990 mashine za picha za rangi zikaenea mjini. Mteja anaacha filamu asubuhi, jioni anachukua picha zake. Chumba chetu cha giza kikageuka stoo ya viti, nami nikabaki na picha za pasipoti. Sikuipenda miaka ile na sina mengi ya kuisimulia.

Mwaka 2004 mpwa wangu, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kituo cha intaneti, akaniita nione programu ya Photoshop. Nilikwenda kwa kumheshimu tu. Akanionyesha safu ya vialama pembeni ya kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye kimoja. "Mjomba, hiki si kile kijiti chako cha spoki?" Kweli. Kiduara cheusi juu ya kijiti. Na chini yake, mkono uliokunjwa vidole. Walioitengeneza programu ile walikuwa wamechora mikono yangu. Siku hiyo nikaacha kuogopa.

Kujifunza kulinichukua miezi. Kiingereza cha kwenye menyu kilinisumbua, basi nikawa nachora kila kialama kwenye daftari na kuandika kwa Kiswahili kinafanya nini. Mausi iliushinda mkono uliozoea penseli. Nafuu ilikuja nilipopata kibao cha kuchorea cha mitumba chenye kalamu yake. Na picha zangu za kwanza zilitoka kwenye printa zikiwa na giza, wakati kwenye kioo zinang'aa. Nikakumbuka kile kipande cha kujaribia. Nikakata sehemu ya uso, nikaichapa mara nne kwenye karatasi moja, kila moja na mwangaza wake, nikapunguza mwanga wa kioo mpaka vikalingana. Vijana wengi hawafanyi hivi, wanapoteza wino na karatasi bure.

Kosa langu kubwa lilitokea mwaka 2006. Binti mmoja aliniletea picha ya marehemu baba yake, ndogo, imekunjwa mpaka mkunjo ukakata paji la uso. Mazishi yalikuwa kesho yake. Brashi ya kuponyesha kwenye programu ilikuwa rahisi mno: unapitisha, mkunjo umekwenda. Nikaikuza, nikaitia kwenye fremu. Jioni mjane alikuja kuichukua. Nikamwamkia, akaipokea, akapitisha kidole juu ya kioo, juu ya jicho la kushoto. "Mwanangu, hapa palikuwa na kovu. Alikatwa na jembe kabla hajanioa. Huyu umeniletea ni nani?"

Kovu lilikuwa ndani ya mkunjo, na mimi nilifuta vyote viwili. Nilikaa usiku kucha nikilirudisha, milimita kwa milimita, kutoka kwenye picha ya awali niliyokuwa nimeihifadhi. Tangu siku hiyo kabla sijagusa picha ya marehemu nauliza familia: alikuwa na alama gani? Na kila rekebisho naliweka kwenye tabaka lake, juu ya picha isiyoguswa.

Siku hizi wanaokuja wananiomba niwafanye weupe. Nakataa, kwa adabu. Chunusi itaondoka wiki ijayo, naitoa. Rangi ya mtu siitoi.

Sasa hivi nina maboksi ya negativu za ile studio ya zamani, mwenyewe alinikabidhi alipofunga. Nazipitisha kwenye skana jioni, bahasha kwa bahasha. Skana inaona kila kitu, hata michirizi ya penseli yangu ya mwaka 1991, imejaa mashavuni kama mvua ya manyunyu. Kwenye karatasi ya zamani haikuonekana; kwenye kioo inaonekana yote. Basi naiondoa kwa kalamu ya kompyuta, mstari mmoja mmoja. Jana nilikuwa na bwana harusi mmoja. Shavu la kulia limekwisha, la kushoto nimeliacha mpaka leo usiku, macho yalikuwa yamechoka.