Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Raba za Magari ya Zamani, Katwe

Gari la zamani linapofufuliwa, sifa huenda kwa mchomeleaji aliyekata kutu na kwa mpiga rangi aliyeing'arisha bodi. Mimi huja mwisho, rangi ikishakauka, kufunga vioo na raba, yaani tepe za mpira zinazoziba kingo za milango na buti. Wapita njia hapa Katwe, jijini Kampala, huniona nimeinama ndani ya buti la gari, nao hudhani kwamba nabandika kitu ambacho mtoto yeyote angeweza kukibandika. Kwa sababu hiyo naandika juu ya siku moja, siku niliyofunga raba mpya ya buti kwenye Mercedes-Benz W123 ya mzee mmoja mstaafu, ili msomaji aone kwa nini utepe mmoja wa mpira humaliza siku nzima ya fundi.

Saa moja asubuhi nilifungua gereji, nikafagia, nikanywa chai kwa chapati pamoja na kijana ninayemfundisha kazi, kisha tukalisukuma gari hadi chini ya bati.

Saa mbili nilianza kulikagua buti. Gari la aina hii lilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, na idadi yake ilifika karibu milioni 2.7, kwa hiyo udhaifu wake unajulikana vizuri. Sakafu ya buti ina shimo la gurudumu la akiba, na maji yakipenya juu, hutuama humo bila mwenye gari kujua mpaka chuma kitoboke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa gari hili: mchomeleaji alikata sehemu kubwa ya shimo hilo akaweka bati jipya. Raba ya zamani niliitoa mwenyewe kabla ya gari kwenda kupigwa rangi, ikavunjikavunjika mkononi. Jua na hewa ya ozoni huukausha mpira, ukapasuka vijistari vidogo kisha ukapoteza ule ulaini unaoufanya urudi juu ukibonyezwa. Na sisi tuko karibu na ikweta, katika mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako jua halina huruma.

Watu hudhani kwamba kazi ya raba hii ni kuzuia mvua tu. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake hupungua msukumo, ikavuta vumbi na moshi wa ekzosi kuelekea kwenye mlango wa buti. Raba ikiwa mbovu, vumbi jekundu la barabara za murram, zisizo na lami, huingia, na moshi nao huingia, ukiwa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya dereva na hata kumuua. Nikifunga raba ya buti huwa nafikiria watoto wanaolala kwenye kiti cha nyuma safarini.

Saa tatu nilikuwa nimeitandaza raba mpya juani juu ya turubai. Mzee aliiagiza kutoka nje, yenye umbo lile lile la kiwandani, lakini ilisafiri imekunjwa ndani ya boksi na ilikuwa na mikunjo minne mikali. Mpira wa namna hii ukifungwa na mikunjo yake, kila mkunjo unakuwa mlango wa maji, ndiyo maana huuacha juani mpaka ulegee na kunyooka wenyewe.

Hapo ndipo mpwa wa mzee alipofika. Jumamosi gari lilitakiwa kumbeba rafiki wa mpwa huyo kwenda kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba, upande wa Masaka, na mpwa ndiye aliyekabidhiwa shughuli ya magari. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Fundi, nimekuja kuchukua gari. Hii raba inaota jua kwa nini?"

"Karibu, ndugu yangu. Inanyooka. Mzee tulikubaliana naye kwamba gari litatoka kesho asubuhi."

"Ni raba tu, fundi. Paka gundi, bandika, nikupe pesa yako."

Nilimpa kiti, naye hakukikalia. Kuanzia saa hiyo hadi jioni alizunguka gari huku akipiga simu, na kila alipomaliza simu moja alikuja kuniuliza imebaki nini.

Kwanza nilibandika tepu ya karatasi pande zote mbili za mfereji ambamo raba hukaa, kwa sababu gundi hii ina kemikali inayoweza kuila rangi changa. Kisha nikaukwaruza mfereji wenyewe kidogo kwa msasa laini, nikaufuta kwa spiriti, nikaifuta na raba pia, kwa kuwa mpira mpya hutoka kiwandani na utelezi unaoizuia gundi kushika. Mpwa alisema hajawahi kuona mtu akiosha kitu kipya. Baada ya hapo niliipanga raba yote kwenye mfereji bila gundi. Hatua hii wengi huiruka, ilhali ndiyo inayoamua kila kitu. Raba haivutwi hata kidogo. Ukiivuta ili itoshe, leo itapendeza, lakini baada ya wiki itarudi kwenye urefu wake na kuacha pengo; na ukiivuta kwenye kona itakuwa nyembamba pale pale ambapo mlango unahitaji mpira mnene. Kwenye kona huwa naisukuma kwa kidole gumba, naiingiza zaidi kuliko inavyotaka. Maungio nayaweka katikati upande wa kitasa, mahali paliponyooka, na huikata raba ikiwa na ziada ya kama sentimita moja, ili ncha mbili zikutane kwa kusukumana.

Saa tano nilianza gundi. Hupakwa pande zote mbili, kwenye chuma na kwenye mpira, halafu husubiriwa mpaka ukiigusa ikuvute kidole bila kukichafua. Ukiwahi, raba inateleza. Ukichelewa, haishiki tena. Kwa hiyo napaka kipande kimoja, nasubiri, nakandamiza, kisha naenda kwenye kipande kinachofuata. Katika kule kusubiri ndiko mpwa alikochoka kabisa. Alituma mtu wa boda boda akaleta chupa ndogo za gundi ya matone, ile inayokauka papo hapo, akaziweka juu ya meza yangu ya kazi. Nilimweleza kwa upole kwamba gundi ile hukauka ikawa ngumu kama kioo, na raba ya buti inabonyea kila mlango unapofungwa, hivyo itapasuka kwenye mshiko. Alinijibu kwamba mafundi tunapenda kuzifanya kazi ndogo zionekane kubwa ili tulipwe zaidi. Maneno hayo yaliniuma, nami sikuyajibu, kwa sababu gundi ya kona ya kushoto ilikuwa imefikia wakati wake.

Nilipoinua kichwa kutafuta kitambaa, alikuwa ameshika mlango wa buti ili aujaribu. Kijana wangu alimwahi akauzuia kwa mikono miwili. Mlango ukibamizwa juu ya gundi mbichi, raba huhama upande, na kuirudisha ni kuanza upya.

Mvua ilishuka mchana, mvua ya Kampala inayopiga bati mpaka watu hawasikilizani. Tulilisukuma gari ndani zaidi, nikasimamisha gundi hadi unyevu upungue, kwani chuma kilikuwa kimeanza kutoa jasho. Tulikula posho, yaani ugali, na maharage tukiwa tumesimama. Sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi nilipokandamiza maungio ya mwisho. Nakumbuka mgongo uliokataa kunyooka.

Mlango haukufunga kwa mara ya kwanza, na haukupaswa kufunga. Raba mpya ni nene kuliko ile iliyolala kwa miaka. Nililegeza chuma cha kitasa nikakisogeza kidogo, nikateremsha vile vipira viwili vya pembeni vinavyopokea mlango, nikajaribu tena mpaka mlango ukakaa sawa na bodi kila upande. Kisha nikapaka chaki kwenye ukingo wa mlango, nikaufunga na kuufungua: alama nyeupe ilizunguka raba yote bila kukatika. Nikabana kipande cha karatasi kila baada ya shubiri moja na kukivuta. Kila mahali kilikuja kwa shida.

Likabaki jaribio la maji. Kijana aliingia ndani ya buti na tochi, nami nikashika ufunguo mkononi mwangu, kwa sababu gari hili lina tangi la mafuta nyuma ya kiti na aliyefungiwa humo hana njia nyingine ya kutokea. Nilimwagia maji taratibu kwa mpira wa bustani, kuanzia chini kwenda juu. Baada ya muda aligonga. Kulikuwa na matone upande wa kushoto.

"Si nilikwambia?" mpwa alisema kwa sauti ya kusikika gereji nzima. "Siku nzima, na raba inavuja!"

Niliikausha raba na kupitisha kidole chini yake kuizunguka yote. Ilikuwa kavu. Nikamwita ainame nami, nikammulikia ule mchirizi: ulitoka nyuma ya taa ya kushoto, ambako gasketi yake ilikuwa imekauka kama ganda na kurudishwa hivyo hivyo baada ya rangi. Nilimpigia mzee simu. Akauliza jambo moja tu, kama taa ya kulia nayo iko hivyo. Nilimwambia ndiyo. Akasema, "Badilisha zote mbili, fundi. Usifiche kitu chini ya rangi yangu."

Kijana alikwenda soko la Kisekka kwa boda boda kabla ya maduka ya spea kufungwa, akarudi na sponji nyeusi yenye vinyweleo vilivyoziba, isiyonyonya maji. Gasketi nilizikata mwenyewe kwa wembe, nikifuata umbo la taa. Giza lilikuwa limeingia tulipomwagia maji tena, na safari hii kijana alikaa humo hadi nilipomfungulia mwenyewe. Hakugonga.

Mzee alikuja na teksi usiku huo. Alipitisha kiganja chake juu ya raba yote kabla ya kumsalimu mpwa wake. Nilimwomba mlango ubaki umefungwa hadi asubuhi ili raba ilale kwenye umbo lake, gari lisioshwe kwa mashine ya maji yenye nguvu kabla ya sherehe, na raba isipakwe grisi wala mafuta ya petroli, kwa kuwa mpira huu huvimba ukikutana nayo; silikoni kidogo kwenye kitambaa inatosha. Alimwagiza mpwa ayaandike hayo kwenye simu yake, naye akayaandika. Tukakubaliana gari litoke saa mbili asubuhi, na baada ya kwanjula lirudi kwangu kwa raba za milango minne.