Redio ya babu sasa ni amplifaya ya gitaa langu

Mafundi wawili, mmoja wa hapa Busia na mwingine wa Kampala, waliniambia neno lile lile kuhusu amplifaya hii iliyokuwa ikivuma: "Kata waya wa athi (ule wa usalama unaokwenda ardhini), mvumo utaisha." Sikuukata, na mvumo umeisha.

Redio ni ya marehemu babu, ya sanduku la mbao, yenye lile jicho la kijani linalowaka ukitafuta stesheni. Nilipoifungua nilikuta valvu zote, vile vichupa vya kioo vilivyofanya kazi kabla ya transista: ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80. Kabla ya yote nilitafuta transfoma ya umeme. Ziko redio za valvu zisizo nayo, chesisi yake (fremu ya chuma ya ndani) imeungana na umeme wa ukutani moja kwa moja, na ukichomeka gitaa humo nyuzi unazoshika zinaweza kuwa na volti 240. Kama yako ni ya aina hiyo, iache iwe pambo.

EL84 moja, valvu inayosukuma spika, hutoa kama wati 5, zinatosha kabisa sebuleni. Valvu za kunasa stesheni niliziondoa, nikaweka ECC83, valvu ya kukuza sauti ndogo ya gitaa, kwenye soketi ya ECH81. Kapasita za karatasi zote nje. Ile inayopeleka sauti kwenye EL84 usiihurumie hata ikionekana nzima, maana ikivuja valvu inakuwa nyekundu ndani na kufa. Mpya ya volti 630 niliipata kwa bei ya soda. Iliyokula pesa ni ECC83, karibu shilingi 80,000 za Uganda na nauli.

Mara ya kwanza niliiwasha kupitia balbu ya vifaranga niliyoazima kwa mama mdogo, nimeifunga mfululizo kwenye waya wa umeme. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na transfoma inapona. Yangu iliwaka kidogo, ikafifia, nikashusha pumzi.

Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya debe. Nilihangaika siku mbili. Kumbe kwenye ECC83 pini ya 4 na ya 5 huunganishwa, waya wa pili wa kupasha valvu moto unakwenda ya 9. Mimi niliacha nyaya za ECH81 zilivyokuwa, valvu ikapata nusu ya volti 6.3 zake.

Nikarekebisha. Sauti ikaja, na mvumo ukaja nayo. Hapo ndipo ushauri ulipoanza. Mtu mwingine alisema niweke kapasita ya maikrofaradi 220, wakati EZ80, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, haifai kuwekewa zaidi ya 50. Kuhusu athi bado nina hasira: umeme ukivuja, waya ule ndio unaoubeba badala ya mwili wako. Mtu anayepiga gitaa huku mdomo uko kwenye maikrofoni unamwambiaje aukate?

Nilinunua mchomo (nyama ya kuchoma ya kijiti) stendi, nikala, nikaosha kijiti na kukianika hadi kikakauka kabisa. Amplifaya ikiwa inawaka, mkono mmoja mfukoni kwa sababu humo mna volti 250 na zaidi, nikaanza kusukuma waya mmoja mmoja kwa ncha yake. Wa njano, kimya. Wa kahawia, mabadiliko kidogo. Nikafika kwenye waya wa kupasha valvu moto, uliopita nusu sentimita tu kutoka pini ya 2 ya ECC83, ambapo sauti ya gitaa huingilia. Nilipousogeza pembeni mvumo ulishuka kama mtu amefunga mlango. Nikaurudisha, ukapanda. Nilirudia labda mara kumi, kwa raha tu.

Nikazima, nikamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista (fanya hivyo kila mara, hata kama ni kazi ya dakika moja). Nyaya mbili za kupasha moto nikazisokota pamoja na kuzilaza kwenye kona ya chesisi. Waya mmoja kati ya hizo ulikuwa umefungwa kwenye chesisi. Nikaufungua, nikaweka rezista mbili za om 100, moja kutoka kila waya kwenda kwenye chesisi. Waya wa jeki ya gitaa nao nikaubadilisha, nikaweka wenye ngao ya nyaya za kuzuia mvumo.

Spika ni ile ile ya babu. Ukipandisha sauti kupita nusu inakwaruza vizuri mno kwa rumba. Jioni ile shangazi aliona jicho la kijani likiwaka tena, akaleta kiti chake karibu na sanduku, akaniambia, "Piga taratibu, mwanangu."